Achaneni na Achilles, Memnon Yupo

Mwaka 2018 BBC na Netflix walitoa tamthilia ya televisheni iitwayo Troy: Fall of a City. Nafasi ya Achilles akapewa David Gyasi, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Ghana. Moto ukawaka. Upande mmoja ukapiga kelele kwamba Homer alimpa Achilles nywele za rangi ya dhahabu, hivyo kumweka mtu mweusi pale ni kuvuruga historia. (Historia ipi jamani? Ya mtu ambaye mama yake ni mungu wa baharini?) Upande wa pili ukajibu kwamba hadithi ni hadithi, na kwamba nasi tuna haki ya kuwa Achilles. Mabishano hayo hayajaisha mpaka leo, yanahamahama tu. Ikitangazwa filamu nyingine ya Wagiriki wa kale, yanaanza upya, na sisi wapenda fasihi tunajitosa mzimamzima.

Niseme mapema: sina ugomvi na Gyasi. Mwigizaji kazi yake ni kuvaa uhusika, na uhusika hauna rangi. Ugomvi wangu ni na sisi tulioingia kwenye mabishano yale mikono mitupu. Maana katika vita vilevile vya Troy yumo mfalme wa Waethiopia. Hakupachikwa na mtayarishaji wa filamu anayetafuta sifa. Waliomweka ni Wagiriki wenyewe, zaidi ya miaka 2,600 iliyopita. Wakampa mama mungu, kama walivyompa Achilles. Wakampa silaha zilizofuliwa na Hephaestus, fundi yuleyule aliyemfulia Achilles. Wakampa na kifo cha heshima. Anaitwa Memnon. Wangapi kati yetu walimtaja?

Kwa wasiomjua, habari zake ni hizi. Mama yake ni Eos, mungu wa Alfajiri. Baba yake ni Tithonus, ndugu wa Priam mfalme wa Troy. Yaani kwa hesabu za koo zetu, Priam ni baba yake na Hector ni ndugu yake, wala hakuna haja ya neno binamu. Hector alipouawa, Troy ikabaki nyumba isiyo na nguzo. Memnon akaja na jeshi lake kutoka mbali kumsaidia mzee wake. Vitani akamuua Antilochus, mwana wa Nestor na rafiki kipenzi wa Achilles. Achilles akalipiza kisasi, akamuua Memnon. Eos akamlilia Zeus, na Zeus akamjalia mwanawe uhai usio na mwisho. Naye Achilles, akiwa bado na hasira, akawafukuza Watroy hadi kwenye lango la mji wao, na hapo ndipo mshale wa Paris ulipomwangusha. Kwa hiyo ukiuliza ni nani wa mwisho kumkabili Achilles uso kwa uso kabla hajafa, jibu si Hector. Ni Memnon.

Hesiod anamtaja. Pindar anamtaja zaidi ya mara moja. Katika Odyssey, Odysseus anapotaka kusifu uzuri wa mwanamume fulani, anasema hajaona mzuri kumzidi isipokuwa Memnon. Kulikuwa na utenzi mzima uliobeba jina la watu wake, Aethiopis, wa vitabu vitano, ambao watu wa kale waliuhusisha na Arctinus wa Miletus. Utenzi huo umepotea. Kilichobaki ni muhtasari na vijipande vichache.

Maneno yakipotea, tunabaki na picha. Na hapo kwenye picha ndipo kesi yangu inapoanzia.

British Museum, London, kuna mtungi wa Athens wenye mishikio miwili, unaohusishwa na Exekias, bingwa wa wachoraji wa mitungi wa karne ya 6 KK. Upande mmoja Achilles anamuua Penthesilea, malkia wa Waamazoni. Upande wa pili yupo Memnon, kavaa silaha kamili, kasimama katikati ya wapambe wawili. Watazame hao wapambe. Pua zao, midomo yao, nywele zao: ni Waafrika, na mchoraji hataki uwe na shaka hata kidogo. Kisha mtazame mfalme wao. Yeye ni shujaa wa Kigiriki kama shujaa mwingine yeyote. Ukimtoa hapo ukampeleka kwenye mtungi mwingine na kumwita Ajax, hakuna atakayeuliza.

Mfalme hana sura ya watu wake. Wapambe wake wanayo.

Najua kuna mtu ameshainua mkono. Atasema: ndugu, huo ni mtindo wa sura nyeusi, kila mwanamume mle ni mweusi! Ni kweli. Wachoraji wa Athens wa wakati huo walipaka udongo laini ambao ukichomwa tanurini hugeuka mweusi unaong'aa, kisha wakakwaruza mistari ya ndani kwa ncha kali. Wanaume walibaki weusi, na ngozi za wanawake ziliongezewa rangi nyeupe. Kwa rangi peke yake, Achilles wa Exekias ni mweusi tii, mweusi kuliko Gyasi. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Ikiwa rangi haisemi kitu, basi kinachosema ni umbo la uso, na mchoraji alijua vizuri kuchora uso wa Mwafrika. Kauchora mara mbili kwenye picha hiyohiyo! Na kwenye warsha za Athens vilikuja kutengenezwa hata vikombe vya mvinyo vyenye umbo la kichwa cha Mwafrika. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kumpa sura hiyo mwenye cheo.

Mbinu hii haikuishia kwenye mtungi mmoja. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anaeleza mchoro mkubwa wa Polygnotus uliokuwa Delphi, ukionyesha mashujaa waliokufa. Memnon yumo, kakaa na wenzake. Na pembeni yake kachorwa kijana wa Kiethiopia, uchi, kwa sababu, anasema Pausanias, Memnon alikuwa mfalme wa Waethiopia. Umeona kazi ya yule kijana? Hana jina wala hadithi. Ni kibandiko. Kawekwa pale ili mtazamaji asome: huyu mkubwa hapa katokea kule. Uafrika wa mfalme kabebeshwa mtumishi, kama anavyobebeshwa mzigo.

Sasa kuna kambi mbili zinazopenda kuichukua habari hii na kukimbia nayo, na zote mbili zinanichosha.

Kambi ya kwanza inasema: mmeona, Wagiriki walikuwa wabaguzi, walimgeuza Mwafrika Mzungu. Taratibu. Hector na Priam nao walichorwa kama Wagiriki, na Troy ilikuwa Asia. Shujaa yeyote, atoke popote, aliingizwa kwenye umbo lilelile. Ilikuwa kama sare ya jeshi. Na heshima waliyompa Memnon si ya kubahatisha. Delphi, kwenye hazina ya watu wa Siphnos iliyojengwa karibu na mwaka 525 KK, yeye na Achilles wamechongwa wakipigana juu ya maiti ya Antilochus, huku miungu imekaa ikitazama, imegawanyika katika pande mbili. Louvre, Paris, kuna kikombe cha mvinyo kilichochorwa na Douris mwanzoni mwa karne ya 5 KK. Eos kainama, kambeba mwanawe aliyekufa mikononi, mwili mrefu umelegea. Wengi wakikiona wanamkumbuka Bikira Maria na Yesu aliyeshushwa msalabani, ingawa kikombe kilitangulia kwa karne nyingi. Mtu anayedharauliwa haliliwi hivyo.

Kambi ya pili inasema: Memnon hakuwa Mwafrika hata kidogo, alitoka Susa, Uajemi. Na kweli Herodotus anaihusisha Susa na Memnon, na huyohuyo Pausanias anasema Memnon alifika Troy akitokea huko. Tena jina Ethiopia kwa Wagiriki halikuwa na maana ya dola tunayoijua leo yenye mji mkuu Addis Ababa. Neno lao lilimaanisha watu wenye uso uliounguzwa na jua, na Homer aliwaweka kwenye miisho ya dunia, wengine jua linapochomoza na wengine linapozama. Sawa, nakubali yote hayo. Lakini basi wale wapambe wawili wanafanya nini kwenye mtungi? Mchoraji wa Athens, karne ya 6 KK, alipotaka kueleza watu wa Memnon ni akina nani, hakuchora Waajemi. Alichora Waafrika. Mwenye shaka akabishane na mtungi.

Tena wa baadaye hawakusita. Zaidi ya miaka 500 baada ya mtungi ule, Virgil anamleta Aeneas hadi Carthage, Tunisia ya leo. Aeneas anaingia kwenye hekalu la Juno linalojengwa na malkia Dido, anakuta kuta zimepambwa kwa picha za vita vya nchi yake, na anasimama analia. Miongoni mwa anaowaona ni Memnon, na Virgil anamwita mweusi, bila kuzungukazunguka. Najua hekalu lile ni la kubuni. Lakini tazama alichokibuni: picha ya Memnon mweusi, ndani ya mji wa Afrika, ikitazamwa na mkimbizi. Kisha karne ya 3 BK mwandishi wa Kigiriki Philostratus anaeleza mchoro wa Memnon akiwa amelala amekufa na mama yake analia, na anasimama kabisa kusifu jinsi mchoraji alivyochanganya weusi wa ngozi yake na wekundu kidogo kwa chini. Kwa hiyo shujaa mweusi hakuwa kitu kisichoweza kufikirika. Aliandikwa, na Philostratus anataka tuamini alichorwa pia.

Sasa njoo kwenye kituko ambacho kila nikikifikiria nacheka kwa uchungu. Luxor, Misri, ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, kuna sanamu mbili kubwa za mtu aliyeketi, zenye urefu wa karibu mita 18. Ni za Farao Amenhotep III. Mwaka 27 KK tetemeko la ardhi likaivunja mojawapo, na tangu hapo ikawa inatoa sauti alfajiri jua likichomoza. Wageni wa Kigiriki na Kirumi wakasema: huyu si mwingine, ni Memnon anamsalimia mama yake. Wakamiminika. Mwaka 130 BK alifika hata Kaizari Hadrian, na mshairi Julia Balbilla aliyekuwa kwenye msafara wake akaacha mashairi yake yamechongwa kwenye mguu wa sanamu. Baadaye sanamu ikakarabatiwa na sauti ikanyamaza, ila jina likaganda. Mpaka leo watalii wanapelekwa kuziona Sanamu za Memnon.

Haikutosha. Hekalu la Ramesses II lililo jirani nalo likaja kuitwa kwa jina la Memnon. Mwaka 1816 Giovanni Belzoni akang'oa hapo kichwa na kifua vya sanamu ya Ramesses, tani kadhaa za jiwe, vikasafirishwa hadi London, vikapewa jina la "Memnon Mdogo". Vipo British Museum.

Naam, jengo lilelile lenye mtungi. Upande huu una Memnon asiye na sura ya Kiafrika. Upande ule una sura ya mfalme wa Kiafrika iliyoitwa Memnon ambayo si ya Memnon. Shujaa alinyimwa uso, farao akanyang'anywa jina, na wote wawili wako chini ya paa moja wanatazamwa na wanafunzi wa shule waliokuja ziara. Ukitafuta picha moja ya namna Afrika inavyoingia kwenye hadithi za wengine, usihangaike, nenda hapo.

Halafu Ulaya ya baadaye ikapata suluhisho rahisi zaidi: imwache kabisa. Miaka ya 1630 hivi Rubens alibuni maisha ya Achilles kwa ajili ya mapazia ya ukutani yaliyofumwa, matukio 8. Anatumbukizwa mtoni akiwa mtoto, anafundishwa na Chiron, anafichwa kati ya mabinti, anakasirika, anarudishiwa Briseis, mama yake anapokea silaha, anamuua Hector, anakufa. Kutoka kifo cha Hector hadi kifo cha Achilles ni hatua moja, na katikati pale, mahali pa Memnon, hakuna kitu. Filamu ya Troy ya mwaka 2004, ile ya Brad Pitt, nayo ikamruka vivyo hivyo. Miaka karibu 370 imepita kati ya Rubens na Hollywood, na pengo ni lilelile.

Ndiyo maana nasema mabishano yetu ya Achilles ni mabishano ya mtu aliyepotea njia. Exekias alituambia kwamba ushujaa una sura moja, na ukitaka kuingia, uso wako unauacha mlangoni kwa wapambe. Sisi leo, kwa hasira za haki kabisa, tunasema: basi tupeni hiyo sura moja tuivae na sisi. Hatuulizi kwa nini iwe moja. Tunaipigania nafasi ya Achilles kana kwamba ndiyo nafasi pekee ya maana iliyoko Troy, na hivyo tunakubali bila kujua kwamba aliyekuja na wapambe wale wawili hakuwa mtu. Mtu mweusi akiigiza Achilles ni ushindi wa mwigizaji, nami nampigia makofi. Lakini hadithi inabaki jinsi ilivyokuwa, na Memnon anabaki alipoachwa.

Wala sisemi Memnon ni wetu kwa damu. Tusijidanganye. Memnon ni mtu aliyebuniwa na Wagiriki, waliomwazia mfalme wa mbali ambaye hawakumwona. Hajui Kilwa wala Pate. Anayemchukua na kumfanya ushahidi kwamba babu zetu walikuwa Troy anacheza mchezo uleule wa wageni wa Luxor, wa kubandika jina kwenye jiwe lisilo lake. Haki yetu juu yake ni ya aina nyingine, na ni kubwa zaidi: utenzi wake umepotea. Ukiandika Achilles, Iliad inakusimamia kichwani kama mwalimu mwenye fimbo. Ukiandika Memnon hakuna wa kukuambia umeharibu asili, maana asili haipo. Kuna muhtasari wa kurasa chache, mitungi na kikombe cha Douris. Kiti kiko wazi.

Na usiniambie kwamba vita vya Wagiriki havituhusu. Mwaka 1728, Pate, Mwengo wa Athumani aliandika Utendi wa Tambuka, vita vya Waislamu na mfalme wa Rumi, Herekali, yaani Kaizari Heraclius, mtawala wa dola iliyozungumza Kigiriki na ambaye hata jina lake limetokana na Herakles. Mwengo hakumwomba mtu ruhusa. Hakungoja mtayarishaji wa London ampe nafasi. Alichukua vita vya watu wa mbali, akavitia kwenye bahari yake mwenyewe ya mizani na vina, vikawa vya Kiswahili mpaka leo. Nyerere naye alipomleta Julius Caesar wa Shakespeare hakuomba radhi. Sisi tuliorithi mikono hiyo tunafanya nini? Tunaandika maoni chini ya matangazo ya filamu.

Basi kwa waandishi wanaosoma hapa, na kwa wachoraji pia, maana hii ni kesi ya picha kwanza: nawaomba Memnon mwenye uso. Sitaki Memnon aliyetukuka asiye na kasoro. Alimuua kijana Antilochus, tusimfiche. Nataka mfalme anayefanana na watu wake. Na nawaomba zaidi wale wapambe wawili. Walitembea naye kutoka miisho ya dunia hadi Troy. Bwana wao aliuawa, mama yake akamchukua, Zeus akampa uhai wa milele. Wao walipewa nini? Walirudije kwao? Walimwambia nani? Exekias aliwachora nyuso halisi, halafu hakuna aliyewahi kuwauliza neno. Utenzi unaoanza na hao wawili, siku ya pili baada ya mazishi, naununua kabla haujachapwa.

Na tukirudi kwenye mabishano, yatakapowaka tena (na yatawaka), usipoteze bando lako kubishana nywele za Achilles zilikuwa rangi gani. Waulize swali moja tu: baada ya Hector, nani alikuja? Wakinyamaza, watumie picha ya mtungi.